Mpaka wa Ghorofani

Shida zilinianza mwaka 1989, nikiwa na miaka ishirini na sita na watoto wawili. Mume wangu alikufa, na kabla matanga hayajaisha shemeji zangu walinitoa kwenye kiwanja chetu pale Kisesa. Waling'oa minyaa ya mpakani mbele ya macho yangu, wakaniuliza, "Mpaka wako uko wapi? Shahidi wako nani?" Sikuwa na shahidi. Karatasi nazo sikuzijua, maana shule niliishia darasa la pili.

Nikaenda kushindilia pamba kwa miguu kwenye ghala la mawe kule ziwani, baadaye nikaingia kwenye dagaa. Sielezi sana, aliyeuza dagaa anajua. Nilipata. Ila tangu siku ile waliponitoa nilinunua vitu vya kuondoka navyo tu: mtumbwi, gari, mbuzi. Nyumba nilipanga, Mkolani, miaka yote. Watu walicheka, eti mwenye Fuso anaishi chumba cha kupanga. Wacheke.

Mwaka juzi nikasikia lile ghala limekarabatiwa, wanauza apatimenti za kifahari, na hati inatoka kwa jina la mnunuzi. Jambo hilo likanikaa kichwani. Nilitaka kabla sijafa nipate mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia toka.

Nikaenda kama tunavyokwenda kununua shamba. Nilimchukua balozi wetu wa nyumba kumi awe shahidi, nikabeba na fungu la minyaa ya kupanda kwenye pembe. Binti wa wauzaji akatupokea kwa shikamoo, akatupandisha ngazi.

Nikaangalia kuta. Mawe matupu.

"Mwanangu, plasta mtapiga lini?"

"Hatupigi, mama. Ndiyo urembo wenyewe."

Maisha yangu yote mwenye hela nimemjua kwa plasta. Nikainua macho. Juu wameacha vyuma vya zamani na kutu yake. Balozi akauliza kama na kutu tunalipia.

"Haya, nioneshe mpaka," nikasema.

"Kuanzia ukuta huu hadi ule, mama."

"Na chini?"

"Chini ni kwa mtu mwingine."

"Juu?"

"Paa ni la wote."

"Sasa ardhi yangu iko wapi?"

"Wote mna hisa kwenye ardhi. Imeandikwa humu kwenye mkataba."

Balozi akacheka akashika tumbo. "Mama, unauziwa hewa! Mbuzi wako utawachungia wapi, kwenye kochi?"

Mimi sikucheka. Mtu ananunuaje mahali asipoweza kuchomeka hata mti mmoja? Binti akanipa kalamu. Jina langu nililisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, lakini mahali penyewe sikupaelewa. Nikamrudishia kalamu yake.

"Shamba haliuzwi kama jirani wa mpakani hayupo," nikamwambia. "Nani anapakana na mimi?"

Akasema hilo halihitajiki. Nikatoka nikagonga mlango unaofuata. Akafungua mama wa Kihaya, mwalimu mstaafu, miwani imeshuka puani. Nikamweleza bila kuzunguka, hata habari ya shemeji zangu. Nilijua atanicheka. Akavaa kandambili, akanifuata ndani, akaweka kiganja ukutani.

"Dada, mimi mwisho wangu hapa. Huku ni kwako. Akija mtu kukutoa atanikuta."

"Utasema hivyo mbele za watu?"

"Si nimesema mbele ya balozi? Ila kwetu Bukoba shahidi hakai na koo kavu. Rubisi iko wapi?"

"Huyu ndiye jirani!" balozi akasema.

Hapo nikasaini.

Nimenunua nini hasa, mpaka leo sijui vizuri. Watoto wamenieleza mambo ya hisa na maeneo ya pamoja, naitikia tu. Asubuhi nikikanyaga sakafu nakumbuka kuna kichwa cha mtu chini yangu, natembea taratibu. Ila hodi ikipigwa mlangoni, siku hizi sishtuki.

Leo nina mitumbwi miwili ya injini, inakaa Kamanga. Fuso moja. Majokofu manne ya samaki. Mbuzi kumi na wanane, wako kwa binti yangu Magu. Apatimenti moja ya vyumba vitatu, jiko na kibaraza, hati kwa jina langu.