Malkia wa Kwetu na Malkia wa kwa Mireille

Harufu ya bisi zilizoungulia sufuriani hunipandisha wivu hadi leo. Wenzangu wakiinusa hukumbuka sikukuu, mimi namkumbuka Mireille, na roho inaniuma upya.

Tuliishi ugenini, mtaa wa Albert Park, ghorofa ya sita, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa pambo tu. Baba na mama walitoka Tanga. Majirani wengi walitoka Kongo, na watoto wao walifika hawajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Sisi tulikuwa na deki ya video na filamu moja ya katuni, ya zamani: binti mfalme, malkia ambaye ni mama yake wa kambo, na jumba lenye ngazi zisizokwisha. Kila Jumamosi watoto wa korido nzima walijaa kwenye zulia letu, nami nikapunguza sauti na kuwatafsiria, kama wale jamaa wa Dar wanaotia Kiswahili kwenye filamu za watu. Weeh, nilijiona mtu! Riziki, rafiki yangu wa Bukavu, alikaa goti kwa goti nami.

Sasa niwaambie: Kiingereza cha yule malkia kilinipita kushoto. Alifoka haraka mno. Basi kila akifungua kinywa nikamtilia maneno ya mama yangu: "Nani kaacha taa inawaka? Umeme analipa babu yako?" Watoto walinywea kama wameacha taa wao.

Ndipo kina Mireille, majirani wa Kongo waliofika juzijuzi tu, naye mwenyewe ameshakaa zuliani kwetu Jumamosi kadhaa, wakafunga dishi. Humo mlikuwa na kipindi cha katuni cha vichekesho, na siku moja kikaigeuza filamu yangu kuwa mzaha: binti mfalme anakoroma, malkia anateleza ngazini. Kaka yake Mireille akakirekodi. Mireille akapita mlango kwa mlango, kwa Kiswahili chao ambacho watu ni batu: "Mukuje muone! Ile ya kwake inaliza batu, hii iko ya kuchekesha!"

Jumamosi ile zulia letu lilibaki na mimi na bisi zangu, zilizoungulia nikiwangoja wenzangu mlangoni. Hata Riziki hakuja. Wivu ulinikaba, jamani! Nilimwonea Mireille wivu kwa dishi lake, kwa shanga za kwenye misuko yake, kwa mama yake aliyewaachia watoto warukeruke juu ya kochi. Mama aliniona nimenuna. "Nenda na wewe ukacheke," akasema. "Kwani wamekufukuza?" Sikutaka kucheka. Nilimtaka Riziki wangu arudi.

Nikaenda hadi mlangoni kwao, nikasimama nje. Mireille alikuwa anatafsiri, na nikamsikia waziwazi: "Nani ameacha taa inawaka? Umeme inalipwa na babu yako?" Chumba kizima kikaangua kicheko, na cha Riziki kilikuwa juu ya vyote. Mwizi mkubwa! Kaniibia malkia, kaniibia na rafiki. Nikarudi kwetu, nikakataa chakula. Haukupita muda kina Riziki wakahamia Cape Town, na sikupata tena kumtafsiria.

Majuzi mwanangu alikuwa na simu yangu, anaangalia vichekesho vya zamani. Nikamwona malkia anateleza. Nikaikwapua simu, nikapandisha sauti. Sasa Kiingereza nakijua. Yule malkia hakutaja taa wala umeme. Alilalamikia viatu vyake, basi, na wala hakikuwa kichekesho cha maana.

Mireille naye Kiingereza kilimshinda, tena kuliko mimi. Alipokwama alishika maneno aliyoyasikia kwetu, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Na watoto walicheka kwa sababu malkia yule walikuwa wakimjua, walishamwogopa zuliani kwetu Jumamosi nyingi. Riziki alikuwa kwa Mireille ananisikiliza mimi, na mimi nimesimama nje ya mlango naomba arudi.