Mkono wa Kushoto wa Shemeji Yangu

Shemeji yangu kinyozi alianguka akiwa amekishika kichwa changu. Nilikuwa kwenye kiti, shuka shingoni, upande mmoja umeshanyolewa unang'aa, upande wa pili una nywele nene ambazo wenzangu wa rika langu wanaziona kwenye picha za zamani tu. Mashine ilikuwa inanguruma karibu na sikio, mara ikaacha kusogea. Nikadhani amekodolea macho mpira kwenye televisheni.

"Shemeji, kichwa changu si meza ya kuegemea."

Kugeuka, nikamkuta sakafuni, mashine bado inanguruma katika mkono wake wa kushoto.

Nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari la jirani. Waliojitokeza kusaidia niliwapa kazi ya kufungua milango. Huko hospitali wakasema moyo wake unapiga polepole mno, na mara nyingine unasahau kabisa zamu yake. Dawa yake ni kuwekewa betri: kidude kinachofukiwa chini ya ngozi, chini kidogo ya mtulinga, kikatoa waya hadi ndani ya moyo ili kiukumbushe kupiga.

Nesi akamuuliza, "Baba, unaandika kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

Na hakudanganya. Tulisoma pamoja, mimi nikikaa viti vya nyuma kwa hiari yangu, kwa hiyo nakumbuka vizuri. Mwalimu alimchapa vidole vya kushoto mpaka kalamu ikahamia kulia, na kulia ikabaki. Lakini mwalimu hakumfuata kwenye nyundo, wala kwenye jembe, wala kwenye wembe. Shemeji aliandika kwa mkono wa kulia labda mara mbili kwa mwezi. Kazi nyingine zote zilizomlisha yeye, dada yangu na watoto alizifanya kwa kushoto. Betri ile huwekwa upande wa mkono usiofanya kazi sana. Nesi aliuliza kama wanavyouliza siku zote, naye akajibu kama alivyofundishwa kwa fimbo. Mimi wakati huo nilikuwa nje ya mlango, nimevaa kofia ya mlinzi kuficha aibu ya kichwa changu.

Alipozinduka alianza na mimi. "Nani alikumalizia?"

"Kinyozi wa stendi."

"Amekuharibu."

Kisha akainamisha kidevu, akaiona bandeji. Akaigusa kwa kidole.

"Wameweka huku," akasema.

"Si ndiko uliko moyo?" dada akamjibu.

"Huku ndiko iliko kazi yangu, mama watoto."

Dada akanitazama mimi. Nami, mtu nisiyekosa neno hata msibani, nikatazama dirisha.

Maumivu yake hayakuwa ya kupiga kelele. Yalikuwa ya kunyimwa vitu vidogo vidogo. Hakuweza kulalia ubavu. Hakuweza kuvaa shati bila dada kumpitishia mkono kama anamvisha mtoto mchanga. Akikohoa, anashika kifua kwa kiganja kwanza, kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Kidude kilituna chini ya ngozi, ukubwa wa kiberiti, na kidole chake hakikuisha kwenda pale kukipapasa. Ule upande ukawasha, ukavuta, ukachoma. Nikimtania kwamba sasa ana chaji kuliko simu yangu, anacheka kwa pua tu, maana kicheko cha kifua kilimuuma.

Daktari alimwambia mambo mawili: asiinue mkono kupita bega mpaka aambiwe, na asiuache ukalala tu, aukunje kiwiko, aufanyishe kazi ndogo za hapa chini. Shemeji alipuuza la kwanza, na alipokuja kulisikia, akalisahau la pili.

Alipuuza hivi. Kidonda kilikuwa bado kibichi alipomwambia dada anakwenda kunyoosha miguu. Miguu ikanyookea kwenye duka lake la kunyolea. Akafungua, akafagia, akafuta kioo. Mteja mmoja mrefu akaona mlango uko wazi, akaingia, akaketi, akainamisha kichwa kama kawaida. Shemeji aliniambia baadaye, "Ningemwambiaje mtu ambaye ameshaketi?" Akaiwasha mashine. Akainua mkono. Akamnyoa mpaka mwisho, tena vizuri, akarudi nyumbani anatabasamu.

Siku chache mbele, kila akisimama chumba kinazunguka. Hospitali wakampiga picha ya kifua, wakaona waya umechomoka mahali pake. Wakafungua kidonda kilekile. Safari hii alikuwa anajua kinachomngoja, na nilimwona akipelekwa kwenye kitanda cha magurudumu ameng'ang'ania chuma cha pembeni kwa mkono ule wa kulia usiojua kazi yoyote.

Dada alimuuliza daktari, "Si mkihamishe basi upande wa pili, maadamu mmeshafungua?"

"Mama, kila tunapofungua tunakaribisha vijidudu. Waya umekaa sawa sasa. Tukiache."

Basi kikaachwa. Na woga ukaingia nyumbani kama mgeni asiyeaga. Dada akashona kitambaa kizito, wakaufunga mkono kifuani. Usiku na mchana. Akifunguliwa kuoga, anaushikilia kwa ule mwingine kama kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Nikawaambia jamani, mkono si maiti, mnaufunga wa nini?

"Wewe shule uliiacha, leo umekuwa daktari?" dada akanikemea.

Kovu likakauka, likawa mstari mzuri mwembamba. Siku kitambaa kilipotolewa, tulitarajia mkono utapanda. Ulipanda hadi usawa wa kifua, ukagoma.

Mama mmoja wa mazoezi ya viungo pale hospitali aliushika, akausukuma kidogo. Shemeji akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Nani aliwaambia mfunge?"

Dada akakikunja kile kitambaa mkononi.

"Moyo uko salama. Bega ndilo limeganda. Litaachia polepole sana, na huenda lisiachie lote."

Alimpa zoezi la kutambaza vidole ukutani, vikipanda juu kama mjusi. Kila asubuhi shemeji anasimama chumbani, uso umegeukia ukuta, jasho linamtoka. Vidole vikaacha alama nyeusi kwenye rangi. Dada hakuzifuta. Alama zilipanda hadi chini ya swichi ya taa, zikajazana hapo, nyeusi tititi. Juu ya swichi ukuta ulibaki msafi.

"Nikiipita hii swichi," alikuwa akisema, "nafungua duka."

Hakuipita. Siku moja akachoka kusubiri, akaniita dukani ajaribu kwa mkono wa kulia. Nani mwingine angekubali? Akanikata sikio. Sikulia, ingawa watu wa stendi wanasema walisikia.

"Pole, shemeji."

"Sikio ninalo lingine. Rudisha mashine kushoto."

"Mkono haufiki huko juu."

"Basi mimi nitashuka."

Nikasukuma kile kiti kirefu pembeni, nikavuta kigoda chake cha kufulia taulo, nikakikalia, magoti yakanifika kidevuni, mimi mwanaume mrefu kuliko wote ukoo mzima. Kichwa changu kikawa usawa wa kifua chake. Nikausikia mkono ukija, ukatua kichwani. Ulikuwa uleule. Nywele zikaanza kuniangukia mapajani.

Tulipofika nusu, mashine ikaacha kusogea. Nikageuka upesi.

Alikuwa amesimama. Mkono ulikuwa umeshuka, unaning'inia, na machozi yanamtoka bila sauti.

"Umeisha," akasema. "Nguvu zimeisha, shemeji. Nenda kwa yule wa stendi akumalizie."

"Yule si uliniambia ananiharibu?"

"Utatembeaje hivyo?"

"Kwa miguu."

Nikajipangusa shingo, nikatoka. Kofia niliyokuja nayo niliiacha dukani makusudi. Nikapita sokoni katikati, nusu kipara, nusu msitu, anayecheka acheke. Kesho yake nikarudi kwenye kigoda, shemeji akanimalizia.

Wateja wengine wamejaribu kigoda, wengi wakakiona cha kitoto, hawakurudi. Duka siku nyingi limefungwa. Ukuta wa chumbani uko vilevile, hakuna alama juu ya swichi. Mimi nanyolewa kwa siku mbili, upande huu leo, upande ule kesho, na usiku wa katikati nalala hivyohivyo.