Pua ya Fundi Rangi

Gereji nzima walimwita Pua, na jina hilo alilipata kwa haki. Zamani akipita karibu na gari lililopakwa rangi jana yake, ananusa mara moja na kusema, "Hili bado bichi, msiliguse." Mbishi akiligusa, alama za vidole zinabaki mlangoni na kazi inaanza upya.

Pua hiyo ilikuwa imekufa. Miaka ya kupuliza rangi ndani ya kibanda kisicho na dirisha, kitambaa tu mdomoni kwa sababu tajiri aliona barakoa ya maana ni anasa, iliimaliza kidogo kidogo. Aligundua siku wali ulipoungua naye ameketi hapo hapo jikoni akisikiliza redio, mpaka majirani wakaja kugonga mlango. Tangu siku hiyo chakula kwake kilikuwa chumvi na joto, basi. Hakumwambia mtu. Angeanzaje, kwamba Pua hana pua?

Aliyemficha kwa bidii kuliko wote ni fundi viti, aliyefanya kazi upande wa pili wa ukuta wa mabati. Mmoja anapaka magari, mwingine anayashonea viti. Jumapili alasiri walikutana sebuleni kwa fundi viti kuonja wiski ya Uskoti, ile ya bei nafuu inayochanganywa kiwandani, maana isiyochanganywa ni ghali na walikuwa wakiitazama tu dukani. Hawakuwa walevi. Walimimina kidogo, wakatia tone la maji, wakaipa alama juu ya kumi, kisha wakabishana kuhusu moshi na asali mpaka jua linazama. Mke wa Pua alishamkimbia, watoto walikuwa mbali na simu zao zilikuwa mbali zaidi. Katika wiki nzima, ni pale tu ambapo mtu alimuuliza anaonaje, kisha akangoja jibu. Akiumbuka, na hapo pia hana pake.

Walikuwa na sheria zao. Chupa ilivishwa mfuko wa ngozi bandia, mabaki ya kazi ya fundi viti, ili lebo isionekane. Mwenye chupa huonja kwanza. Mgeni hutaja alama kwanza, asije akamwonea mwenyeji haya. Habari za chupa, imetoka wapi na kwa bei gani, husemwa baada ya alama.

Sheria hizo ndizo zilizomwokoa Pua. Aliusoma uso wa mwenzake kama wengine wanavyosoma gazeti. Nyusi zikipanda, nane. Akilamba mdomo, saba. Akikunja uso, tatu, na matusi juu yake. Fundi viti alikuwa akishangaa jinsi wanavyopatana.

Kisha fundi viti akafiwa na mkewe, na Jumapili zikasimama kwa miezi. Alipomwita tena, Pua alivaa shati la pasi na kwenda mbio. Alikuwa ameililia Jumapili yake kuliko alivyomlilia marehemu, na hilo nalo lisemwe.

Chupa ilikuwa mezani, imevishwa. Fundi viti akamimina, akanusa kwa muda mrefu, akapiga funda. Uso wote ukajikunja. Machozi yakamlengalenga, akaiweka glasi chini na kugeukia ukutani.

Pua akapiga funda lake. Moto tu, kama kawaida. Lakini uso alikuwa ameuona, na hakuwahi kuuona umejikunja namna ile.

"Mbili," akasema, "na hizo mbili ni za chupa. Hii inanuka turubai lililonyeshewa, bwana. Aliyeinunua hana ulimi, na aliyemuuzia afungwe."

Alicheka. Mwenzake hakucheka. Aliuvua mfuko taratibu, akaukunja.

"Aliinunua shemeji yako," akasema. "Nimeikuta na barua yake chini ya nguo zake juzi, nilipojikaza kuzitoa kabatini. Alinifichia nije nifungue siku nikiacha kazi. Mtu ambaye hata harufu ya wiski alikuwa haitaki, akaenda dukani kuuliza ipi nzuri." Akauweka mfuko mezani. "Mimi nilitaka kutaja tisa."

Pua alitamani ardhi immeze. Angeweza kuomba radhi na kuishia hapo. Lakini kumtukana marehemu kwa kinywaji asichokionja lilikuwa jambo zito mno, na kwa mara ya kwanza akaona afadhali kuumbuka.

"Ndugu yangu, mimi sisikii kitu," akasema. "Harufu wala ladha. Rangi ilishanimaliza. Huwa naangalia uso wako."

"Tangu lini?"

"Miaka."

"Na ile uliyosema ina maganda ya chungwa?"

"Chungwa ulilitaja wewe, kwenye chupa ya kabla yake."

Alitegemea kutukanwa, na angeshukuru. Fundi viti alifunga kizibo tu, akakikaza.

"Kwa hiyo nilikuwa nakunywa peke yangu," akasema.

"Kampani yako ndiyo niliyoitaka. Sikuwa na kwingine."

"Mke wangu alikuwa akiniomba kila Jumapili tutoke, tukatembee kidogo tu. Nikamwambia siwezi, nina mwenzangu wa kuonja naye."