Tangi Nililoliziba kama Kibuyu

Miaka ya hamsini, pale Iringa, tangi la pikipiki yangu liliota kutu mpaka likavuja. Fundi wa nini, na mimi mjuaji nimekulia nyumba ya vibuyu? Nikatia changarawe ndani, nikalitikisa mpaka kutu ikatoka, kisha nikamimina nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kama mama alivyoziba kibuyu chake cha togwa.

Jumapili nikampakia mke wangu twende kanisani, nikijisifu njia nzima. Katikati ya mlima injini ikazima. Petroli ilikuwa imeyeyusha nta yangu yote na kuipeleka kwenye kabureta, ikagandia huko. Nikasukuma pikipiki, suti imelowa jasho, nikiilaani petroli.

Mke wangu alitembea kando, viatu mkononi.

"Umeziba kweli, baba watoto," akasema. "Hata petroli haipiti."