Pikipiki yangu imewaka haraka mno

Wenye pikipiki nisaidieni. Pikipiki iliyolala muhula mzima inaweza kuwaka kwa kuguswa mara moja tu?

Nimerudi Dodoma leo kutoka masomoni. Niliiacha hapa Ipagala kwa jirani yangu, Baba Neema, na funguo nikampa awe anaiwasha mara moja moja, betri isife.

Nimebonyeza stata, ikaitika hapo hapo. Hata kukohoa haikukohoa.

"Si nilikuambia nitaitunza?" akasema. "Naiwasha hapa hapa uani, ikichemka kidogo naizima."

Sawa.

Ila uani kwake ni saruji tupu, na matairi yana matope mabichi.

Na ile mipira ya kufungia mzigo kwenye keria si yangu.

Nikapanda, nikaondoka nayo.

Mtaa wa pili mbuzi wamekaa barabarani, nikapiga honi.

Mageti yakaanza kufunguka. Akina mama wanatoka na masufuria.

"Shikamoo mama," nikamwambia wa mbele.

"Marahaba. We ndiye kijana wake mpya? Mwambie bosi wako maziwa ya jana yalikuwa na maji."