Siku Nilipohubiri Mafua ya Mbwa Ukweni

Jamani, haya nayasimulia mwenyewe kwa sababu mtaa wetu mzima wa Ngezi wanayasimulia vibaya, na kama ni aibu, acheni nijiaibishe kwa mdomo wangu, maana ndio ulioniponza.

Tulikwenda kwa kina Furaha kuomba mke, na msemaji wangu alikuwa baba mdogo aliyetoka Bambu (barabara ya huko ilikuwa imetulia majuma mawili bila risasi, na kila mtu alikuwa anaharakisha mambo yake kabla haijabadili nia). Kwetu muoaji siku hiyo haongei. Anakaa, anainamisha kichwa, basi, kazi ambayo hata kiti kinaiweza. Lakini baba yake Furaha, mwalimu mstaafu, akauliza kwa upole tu, "Kule kwenu habari gani?" na mimi, badala ya kumwachia baba mdogo, nikataka mzee ajue binti yake anapata msomi.

Nikasema mbwa wangu Komando anakohoa. Nikaendelea: mbwa nao wana mafua yao, gripi kabisa, na virusi vyake hubadilika, siku moja vinaweza kumrukia mtu. Yote nilikuwa nimeyasikia kwa daktari wa mifugo, ila yeye alianza kwa kusema kwamba hawajaona mtu aliyeyapata kwa mbwa, wanachunguza tu. Hiyo sentensi niliiruka makusudi (ilikuwa inaharibu utamu). Na hapo hapo, mdomo umejaa karanga, nikapaliwa.

Nilikohoa, ndugu zangu! Machozi, makamasi, kila kitu. Na Bunia, mji ulionawa mikono kwa klori wakati wa Ebola mpaka ngozi ikabanduka, hausubiri maelezo. Viti vikarudi nyuma. Shangazi yake Furaha akatokea na ndoo.

"Weye unalala na ile imbwa?"

"Hapana, Shangazi, ni karanga..."

"Karanga iko na virusi? Toka inje!"

Basi nikachumbia dirishani, juani, nikiipigia kelele ile sentensi niliyoiruka: hakuna mtu aliyeyapata! Mwalimu akanijibu kutoka ndani, "Sasa mbona hukuanzia pale, mutoto yangu? Mutarudia wakati imbwa itapona." Nikazidi kupiga kelele, kwa sababu baba mdogo alikuwa na siku mbili tu, na barabara ya Bambu ukiiambia "juma lijalo" inakucheka. Bila msemaji, hakuna mke. Nikamwona Furaha nyuma ya pazia, nikadhani analia kwa ajili yangu, kumbe anacheka mpaka anajishika ukutani.

Asubuhi nilimpakia Komando kwenye pikipiki mpaka kwa daktari, ambaye alimfungua kinywa na kumtoa mwiba wa samaki kooni. Nikamwomba barua. Akaiandika huku mabega yanamtikisika, na jioni ile baba mdogo akaisoma amesimama mbele ya familia zote mbili, kwa sauti ya hakimu: "Mbwa ni mzima. Mwenye mbwa sikumpima."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, na mbuzi wetu wa mahari wakapokelewa.

Mke nilipata, heshima bado. Leo tuna watoto wawili, na mama mkwe akiniona anamuulizia kwanza Komando, ndipo wajukuu. Kwa hiyo nimeapa: ukweni, jambo nikilijua nusu nanyamaza, na nikilijua lote namwachia baba mdogo.