Okei Yangu kwa Fundi wa Mpulungu

Kuna siku moja nitaikumbuka, mwanangu, hata nikizeeka nikasahau jina langu. Ni siku niliyosema "okei" hapa mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, nusura nimpoteze mama yangu mzazi. Hebu weka hiyo simu chini unisikilize.

Tulikuwa tumerudi Kongo kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilikuwa msichana wa kujidai, nimesoma Kiingereza miezi michache, na neno nililolishika barabara lilikuwa moja tu, okei. Lakini neno lile, jamani! Umeshiba, okei. Umekubali, okei. Mgonjwa kapata nafuu, okei. Mtu kakuchosha kwa maneno, unataka anyamaze, okei hiyo hiyo. Nikaona nikiwa nalo hilo, na kutikisa kichwa kidogo, Kiingereza nimekimaliza.

Basi mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na mtumbwi mkubwa wa mota uliopeleka watu Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Mota ikaharibika. Kwa bahati kulikuwa na fundi wa Zambia aliyekuja na meli ya mizigo kutoka Mpulungu, mtu mpole, Kiswahili hajui. Mjomba akaniita nimtafsirie.

Fundi akafungua mota, akapangusa, akafunga. Ikalia vizuri. Kisha akaniambia maneno marefu, akionyesha mota, akionyesha ziwa. Nikasema okei. Akarudia polepole, akinitazama machoni. Okei, okei! Watu walikuwa wamejaa pale, na mimi niseme sikuelewa? Aibu gani hiyo!

"Anasema nini?" mjomba akaniuliza.

"Anasema iko muzuri. Mwende tu."

Wakaenda, watu kumi na wawili, mama yangu akiwa ndani na dumu lake la mawese.

Saa nane mchana yule fundi akarudi ufukweni na chuma kidogo cha mota mkononi. Akautafuta mtumbwi kwa macho, akaniuliza kwa mkono tu, uko wapi? Nikaonyesha ziwa. Akashika kichwa. Hapo sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Kumbe alikuwa amesema mota isiende mbali mpaka alete kile chuma, na upepo ulikuwa umeshaanza.

Nililia, mwanangu, kama mtu aliyefiwa. Nikawaambia wavuvi ukweli wote, mbele ya wale wale niliowaonea aibu, kwamba sikuelewa hata neno moja na nilidanganya. Hakuna aliyenicheka. Wawili wakawasha mota yao wakaenda kuwatafuta. Nikabaki kwenye mchanga nikiwataja mmoja mmoja waliopanda, na kila mara naanza na mama.

Kabla jua halijashuka wakaonekana. Mtumbwi wa mjomba umefungwa kamba nyuma ya ule wa wavuvi, watu wamelowa, wanasaidia kwa kasia huku wanagombana. Kugombana kwao kulikuwa kutamu! Niliingia majini na nguo zangu zote.

"We mutoto," mama akasema akinishika bega, "mafuta yangu imemwangika yote!"

Nikacheka na kulia kwa pamoja. Asante Mungu, ni mafuta tu.

Mjomba hakunipiga. Alinikalisha mbele ya fundi, angali anatiririka maji.

"Mi sikukuomba ujue Kiingereza yote," akasema. "Niliomba uniambie ile anasema. Kama haukusikia maana, sema sikusikia. Hiyo iko nguvu, iko kazi ngumu?"

Akataka fundi aseme upya. Nikajibu, sikusikia. Fundi akachora kwenye mchanga, akasema tena. Mara ya tatu nikaelewa, na moyo wangu ukawa mwepesi kuliko siku zote nilizojidai.

Sasa wewe, mwanangu, una Kifaransa cha shule na Kiingereza cha kwenye simu. Kesho watakuita hospitali, watakuita kwenye mkutano, usimame kati ya watu wawili wasioelewana. Wote wawili wanakuamini. Ukiwa pale usijaze pengo kwa kutikisa kichwa, wala usitunge jibu ili uonekane msomi. Sema, sikusikia, tafadhali rudia. Watakucheka kidogo, kisha wataacha. Mimi mama yangu aliishi miaka mingi baada ya siku ile, akinitania mbele ya wageni, na kila aliponitania nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Mungu akupe lugha nyingi, mwanangu. Akupe na moyo wa kuuliza usichojua, na watu wote watakaosafiri kwa neno lako wafike nyumbani.